Betri Isiyoomba Ruhusa

Betri ya risasi haina tabia ya kuomba ruhusa. Ukiipa umeme inapokea, ukiidai inatoa, na ukiitesa inavimba mbavu na kukunukia mayai viza mpaka ushike adabu. Nakijwa alikuwa fundi kwa miaka thelathini na alizijua betri za kila kizazi, lakini hakuna kifaa alichowahi kukipenda kama hicho kimoja kilichokaa mbele yake juu ya meza. Ndicho kilichokuwa kinamzuia mdogo wake asife.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali mbichi, imefungwa pande zote, ya aina isiyoongezwa maji. Aliitoa kwenye kisanduku cha kengele ya wezi katika ghala la zamani la tangawizi, ambako watu walikuwa wameisahau. Maandishi ya ubavuni yalikuwa yamefifia, ila fundi aliyasoma kwa kuyapapasa kwa kidole: volti kumi na mbili, ampia moja kwa saa kumi na mbili, mkondo wa kuanzia usizidi ampia tatu na nusu. Hizo saa kumi na mbili zilikuwa za ujana wake. Kwa uzee ule Nakijwa aliihesabia kumi, na hakuwa na uhakika hata na hizo.

Saa kumi na mbili asubuhi pembe ya tandala ililia kule juu. Togolani, mgawa maji, alikuwa ameizibua ndiva. Hilo lilikuwa bwawa la mawe na udongo walilolijenga mababu wa Upare, lililokusanya maji ya kijito usiku kucha na kuyaachia asubuhi, shamba baada ya shamba, kwa zamu. Kabla ya kufika kwenye mfereji wa mashamba, maji yalipita kwenye gurudumu dogo lililokuwa likizungusha dainamo chini ya chumba cha mashine ya kusaga, alimokuwa Nakijwa. Maji yakitembea, chumba kile kina umeme. Pembe ikilia mara ya pili, saa sita mchana, maji yamefungwa na umeme umekwisha. Kijiji kizima, hakukuwa na umeme mwingine wa kutegemea.

Nakijwa aliwasha pawasaplai yake ya mezani, kifaa cha kutoa umeme wa dainamo kwa kipimo, bila kuiunganisha na betri. Akazungusha kitufe cha volti polepole mpaka ikasoma kumi na nne nukta nne. Kisha akagusanisha klipu nyekundu na nyeusi kwa makusudi, ili kifaa kioneshe mkondo wake, akaubana usipite ampia mbili na kidogo. Akaziachanisha. Akapima betri kwa mita: kumi na moja nukta tisa. Ndipo akabana nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, akaweka kiganja ubavuni mwa betri kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa baridi. Aliacha dirisha wazi, kwa maana betri ya aina hii hata ikifungwa vipi huweza kupumua hewa inayolipuka, na tangu siku ya kwanza alikuwa amepiga marufuku moto ndani ya chumba kile, hata wa kuchemshia uji.

Baada ya hapo kazi ya fundi ni kungoja. Mkondo hubaki palepale wakati volti zinapanda, na volti zikishafika juu, mkondo wenyewe huanza kupungua, kwa sababu betri inayoshiba husukuma sahani mbali kama mlaji yeyote. Mwenye haraka huongeza volti ili aishindilie. Nakijwa alikuwa ameshaona matumbo ya betri za wenye haraka.

Pembeni, juu ya godoro, alilala Eliwaza. Waya mwembamba ulitoka ubavuni mwake, chini ya kanga, ukaenda mpaka kwenye betri. Ndani ya kifua chake pampu ndogo ilikuwa ikifanya kazi ambayo moyo wake uliisusa miaka mitatu iliyopita. Ile betri yake halali, ya kisasa, nyembamba, ya kuvaa mkandani, ilikuwa imetupwa juu ya gunia, na kila saa ilisema kwa sauti ya bibi mwenye adabu zake: "Samahani. Ruhusa haijapatikana."

Zote zilikuwa hivyo. Betri za magari, za taa, za mashine za kusaga, za simu. Kabla ya kupokea umeme kila moja iliuliza kwanza kwa mtambo wa kampuni, mbali huko, nao mtambo ukajibu ndiyo. Ijumaa iliyopita mtambo ukanyamaza. Hakuna aliyejua kama umeharibika, umeuzwa au umezimwa, na betri hazikujali sababu. Zilikataa umeme huku umeme upo. Nakijwa alijaribu kuipasua moja. Ikajiunguza yenyewe mezani kabla hajaifikia skrubu ya pili, kwa kuwa ndivyo ilivyofundishwa.

Juzi alikuja mjumbe kwa miguu kutoka Same na habari moja nzuri: hospitali ina gari la zamani la mafuta na betri za pampu zisizo na kufuli, na litapanda mlimani Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne. Kumteremsha Eliwaza kwa machela kungechukua siku mbili za kutikiswa, na daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba asitikiswe. Basi ilikuwa lazima Eliwaza afike Ijumaa akiwa palepale, juu ya lile godoro.

Hesabu ilikuwa fupi na Nakijwa aliirudia mpaka ikamchosha. Pampu hula nusu ampia. Kwa saa sita za maji, dainamo hulisha pampu na betri kwa pamoja. Kwa saa kumi na nane zinazobaki, betri hubeba peke yake, nayo hutoa tisa kati ya zile kumi zake. Siku ya kwanza alimwomba Togolani azibue ndiva nusu tu, ili maji yadumu mchana kutwa. Togolani alimjibu kwa upole kwamba maji ya nusu hunywewa na mfereji kabla hayajafika mkiani, na kule mkiani kuna kaya kumi na moja zenye mahindi yanayochanua, mwaka wenyewe ukiwa wa ukame. Nakijwa hakuomba tena. Hata yeye alikuwa akila mahindi ya watu wale.

*

Kajiru alifika saa nne asubuhi hiyohiyo, ameshikwa mkono na mkewe, Mama Mbazi, akipumzika kila hatua kumi. Nakijwa alipomwona dirishani, moyo wake ulisema jambo lisilopendeza, na hakuukemea.

Huyu ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni. Miaka miwili iliyopita alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kusaini, akikusanya betri zote za risasi kijijini, akisema kwamba zina sumu, zimepitwa na wakati, na atakayezitoa atapewa ya kisasa. Kwenye rafu ya Nakijwa alichukua kumi na nne. Nakijwa alimwomba amwachie mbili tu za akiba, naye Kajiru akacheka vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, akasema, "Fundi, akiba ya nini na dunia imeshafika?" Lori likaondoka nazo. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na pampu kifuani, amewekewa mwaka jana, na kati ya betri zake tatu za uwakala, mbili zilikuwa zimekwisha. Ya mwisho ilikuwa imebakiwa na asilimia arobaini.

Kajiru hakuzunguka. Alisema amesikia kuna betri ya kengele, na kwamba ile ya mkandani haitamfikisha asubuhi ya pili. Alisema anajua alichokifanya na betri za watu. Mkewe alikuwa akiangalia chini muda wote.

Nakijwa aliwaambia wakae nje kwenye benchi, akarudi ndani. Eliwaza alikuwa ameshasikia kila kitu.

"Dada, pampu ina mwendo wa usingizi," alisema. "Nikilala bila kuinuka inakula robo ampia. Na yake vilevile. Robo na robo ni nusu."

"Na ukikohoa? Ukiota ndoto ukageuka?"

"Nitalala kama gogo. Mlete hapa, tulazwe miguu kwa kichwa. Mpaka Ijumaa ni siku tatu tu."

Nakijwa alijua hesabu ile kabla mdogo wake hajaitamka. Ilikuwa inatosha bila kubakisha hata tone. Kama betri ni ya kumi kweli, watu wawili wangefika Ijumaa. Kama ni ya tisa, au ya nane, au usiku ukiwa wa baridi ikatoa pungufu, wangekufa wote wawili kwa pamoja, saa moja, mbele ya macho yake, na angekuwa amemgawa mdogo wake kwa mtu aliyebeba betri kumi na nne akicheka. Aliogopa. Alikuwa pia na kinyongo, na mpaka leo hawezi kukuambia kipi kati ya hivyo viwili kilimtoa nje ya mlango.

Alimwambia Eliwaza anakwenda kumwita. Akafika kwenye benchi, akasimama jua likiwa mgongoni mwake ili asionekane uso vizuri, akamwambia Kajiru kwamba betri ina vyumba sita ndani na kimoja kimekufa, kwamba hata kwa mtu mmoja inasuasua, na kwamba akiiongezea wa pili atakuwa amechimba makaburi mawili.

Kajiru alizijua betri zenye kuongea. Hizi za kunyamaza hakuwahi kujifunza, alizibeba tu kwenye lori. Alitikisa kichwa kwa kuelewa, akamshukuru, akainuka. Mama Mbazi alimtazama Nakijwa mara moja, tazamo la mtu anayetaka kuuliza swali asijue pa kulianzia, kisha wakaanza kupanda kilima polepole kama walivyoshuka.

Ndani, Nakijwa alimwambia mdogo wake kuwa Kajiru amepata njia nyingine, ana jamaa yake huko Gonja mwenye betri ya pikipiki ya zamani. Eliwaza alifurahi. Alisema alhamdulillahi, ingawa walikuwa Walutheri wote wawili, maana neno lile alilipenda tangu utotoni.

*

Jumatano pembe ililia saa kumi na mbili kama kawaida. Nakijwa aliweka volti, akabana mkondo, akaunganisha. Alikuwa hajalala usiku wa tano mfululizo, akisikiliza pampu. Alivuta kigoda, akaegemea meza, akajiambia atafumba macho mpaka pembe ya kufunga.

Hapa lazima nieleze kosa, kwa sababu si kosa la ujinga. Pawasaplai ikikosa umeme huku betri ingali imebanwa, betri huanza kumwaga umeme wake kinyumenyume ndani ya kifaa kile, mpaka ikauke. Kila fundi analijua hilo, na dawa yake ni dayodi, kijidude cheusi kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Nakijwa aliiweka siku ya kwanza. Lakini dayodi hula zaidi ya nusu volti kama ushuru wa njia, na pawasaplai yake ilikuwa mwisho wake ni kumi na nne na nusu. Betri ikawa inapata pungufu na haishibi kwa saa sita. Siku ya pili akaing'oa. Mlinzi wake sasa ilikuwa ile pembe: ikilia tu, anachomoa klipu. Tangu azaliwe hakuwahi kuona ndiva ikifungwa bila pembe kulia, ila kwa jambo moja ambalo halikumpitia akilini.

Kilichomwamsha, kwa kuchelewa, ni kimya. Mashine ya maji chini ya sakafu ilikuwa haingurumi. Jua lilikuwa limeshapita mlangoni, na namba za pawasaplai zilikuwa zinawaka kwa unyonge, rangi ya kahawia, zikilishwa na betri yenyewe. Alizichomoa klipu kwa mikono miwili. Kifaa kilikuwa cha moto. Betri, ambayo wakati huo ilipaswa kusoma kumi na tatu, ilisoma kumi na moja nukta nne.

Eliwaza alikuwa amelala kwa mwendo wa usingizi, mdomo wazi kidogo. Pampu haikuwa imesimama, ndiyo maana haikumlilia mtu. Ingeanza kulia betri ikishuka kumi nukta nane, na baada ya hapo kungekuwa na dakika ishirini kabla haijasimama. Nakijwa alihesabu saa nne, labda tano. Saa ya ukutani ilisema sita kasoro, na maji ya kesho yalikuwa saa kumi na nane mbele.

Alitoka mbio na umri wake wa miaka hamsini na sita, akipanda kwa mikono na magoti pale penye utelezi. Togolani alikuwa ameketi ukingoni mwa ndiva na pembe mapajani. Maji yalikuwa yamesimama nyuma yake, nusu bwawa, yametulia.

Nakijwa alimuuliza kwa nini hakupiga pembe. Togolani alimshangaa.

"Mama fundi, hujasikia? Kajiru amefariki saa tatu. Siku ya msiba pembe haipigwi."

Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Mtu akifa, mgawa maji huziba kimyakimya, ili jirani asiwe anamwagilia wakati mwenzake amelazwa ndani, na pembe haigusi mdomo mpaka mazishi. Nakijwa aliijua desturi hiyo kama anavyolijua jina lake. Alikaa chini kwenye nyasi. 

Aliomba azibuliwe nusu, kwa saa sita tu. Togolani alitazama maji, akamtazama yeye, na macho yake yakalengalenga, kwa maana alisoma na Eliwaza darasa moja. Akasema maji yaliyokatishwa na msiba si ya zamu tena. Ni ya wafiwa, wakishazika wanyweshee shamba walilolitelekeza kwa ajili ya kulia. Yeye hana amri juu yake hata ya kikombe.

"Mwenye amri ni Mama Mbazi," alisema.

*

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, kanga vichwani. Wanaume walikuwa wakichimba upande wa migomba, na sauti ya jembe ilisikika kwa vipindi. Nakijwa alivua viatu, akapiga magoti mbele ya mfiwa, akatoa pole. Mama Mbazi alipokea. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sauti ilikuwa yake ileile.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" aliuliza.

Nakijwa angependelea kupigwa kofi. Alisema mgonjwa ana saa nne, kwamba betri imemwagika alipokuwa amelala, na kwamba amekuja kuomba maji ya msiba, yazibuliwe nusu, akijua fika kwamba maji ya nusu hayatafika kwenye shamba la mkiani, na shamba la mkiani ni la Mama Mbazi.

Mama Mbazi aliikunja ncha ya kanga na kuikunjua.

"Jana ulimwambia mume wangu chumba kimoja kimekufa," alisema. "Mimi si fundi. Lakini njia nzima nilikuwa najiuliza, betri iliyokufa mtu anaikesheaje siku tano?"

Kulikuwa na njia ya kujibu bila kusema. Nakijwa aliiona, angesema ufundi una mambo yake, na mwanamke yule, siku ile, asingekuwa na nguvu ya kubishana. Na kama angekasirika kwa kuambiwa ukweli, Eliwaza angekufa alasiri. Aliyapima hayo yote akiwa amepiga magoti, na jembe lile upande wa migomba likawa linaendelea.

"Hakikuwa kimekufa," alisema.

"Ingetosha wawili?"

"Wakilala wote bila kuinuka, hesabu ilikubali. Bila kubakiza kitu. Eliwaza alisema nimlete. Mimi ndiye niliyekataa."

Mwanamke mmoja alianza kunung'unika, mwingine akasema mtoeni huyu. Mama Mbazi aliinua mkono, nao wakanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Unajua alisema nini njiani?" aliuliza. "Alisema, afadhali Nakijwa, hakunizungusha. Alisema, nilimchukulia betri zake zote na bado amenieleza kwa heshima. Alikufa anakushukuru. Nilikaa naye pale ndani saa ile betri yake inasema samahani, samahani, na yeye ananiambia nisiichukie, ni mashine."

Nakijwa alilia mbele ya mtu ambaye yeye hakuwa na haki ya kulia mbele yake, na alijua hivyo, na hakuweza kujizuia.

Mama Mbazi alijipangusa uso kwa kanga. Alipozungumza tena hakumtazama Nakijwa, alizungumza na binti mmoja aliyekaa karibu na lango.

"Nenda kwa Togolani. Mwambie Mama Mbazi amesema azibue nusu. Na mwambie apige pembe. Apige akizibua, na apige akiziba."

Wazee wawili waliokuwa wamesimama karibu na mlango walikohoa. Mmoja alisema, mama, maiti bado iko ndani.

"Ndiyo," alisema Mama Mbazi. "Ameuawa na mambo ya kunyamaza. Mtambo ulinyamaza, na watu wakanyamaza. Pembe ipigwe."

Nakijwa alifungua mdomo, na Mama Mbazi akageuka haraka.

"Usinishukuru," alisema. "Mahindi yangu yatakufa na wanangu watakula nilichokupa wewe. Ukinishukuru nitamwita yule binti arudi."

Basi Nakijwa aliinuka bila kushukuru, akashika viatu vyake mkononi, akatelemka.

*

Pembe ilimkuta njiani. Ililia saa saba na nusu mchana, saa ambayo haijawahi kulia, juu ya kijiji chenye maiti, na watu wakatoka milangoni wakiangalia juu.

Chumbani mashine ilianza kuzunguka, kwa sauti ndogo kuliko ya asubuhi. Pampu ilikuwa bado hailii. Betri ilisoma kumi na moja nukta moja. Kila kiungo cha Nakijwa kilimwambia abane klipu sasa hivi, apandishe mkondo mpaka mwisho, afidie. Aliishusha mikono mapajani, akahesabu mpaka ishirini, akaanza mwanzo kama anavyofundisha mwanagenzi. Kwanza aliitafuta dayodi kwenye kopo la skrubu, akairudisha kwenye waya mwekundu. Ingekula nusu volti yake na betri isingeshiba kabisa, lakini ingefika asubuhi. Kisha, klipu zikiwa hewani, aliweka volti kumi na nne na nusu. Akagusanisha, akabana mkondo. Akaachanisha. Ndipo akaunganisha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akaweka kiganja ubavuni mwa betri.

Ilipokea. Namba zilianza kupanda polepole: kumi na mbili, kumi na mbili nukta tatu. Alikaa akizitazama kwa muda mrefu.

Juu ya gunia ile betri ya mkandani ilisema samahani, ruhusa haijapatikana. Nakijwa aliichukua, akaitoa nje ya dirisha na kuiweka kwenye nyasi, mbali kiasi cha kutosikika.

Eliwaza alifumbua macho. Hakuinua kichwa; alikuwa ameahidi kulala kama gogo na alikuwa mtu wa ahadi. Alisikiliza sauti ya maji chini ya sakafu, akatazama mwanga wa mlangoni, akaona ni wa mchana.

"Dada, nimesikia pembe, au nimeota?"

"Umesikia."

"Mchana huu? Zamu ya nani?"

Nakijwa hakuondoa kiganja kwenye betri. Ilikuwa imeanza kupata joto kidogo, joto la kawaida, la kitu kinachofanya kazi yake.

"Ya Kajiru," alisema.

Eliwaza alikuwa mtoto wa kijiji kile. Alijua kwamba maji yanayozibuliwa mchana ni ya msiba tu. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akageuza uso ukutani, polepole sana, ili pampu isile zaidi ya robo.